Usianze na Mandela, mwanangu

Kihonda, Morogoro
Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo Uluguru ukijifunika mawingu tu linaanza kesi yake. Najua uliniomba nikutumie sauti kwenye simu, lakini mimi mwalimu, mama. Nikisema bila kuandika nasahau nusu. Nimeandika kwenye daftari, mdogo wako atapiga picha kurasa zote akutumie.

Unasema huko Marekani umepewa wiki tatu za kufundisha Afrika, na ndani yake siku nne za ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, kwa watoto wa miaka 12 na 13. Tena mmoja wao amekuuliza kama huku tunaongea Kiafrika. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba mimi nikiwa darasa la tano nilidhani Ulaya ni nchi na mji wake mkuu ni London. Kwa hiyo usimkaripie.

Umeniuliza uanzie wapi. Nitakwambia kwanza pa kutoanzia: usianze na Mandela. Ukianza naye watapata hadithi ya mtu mwema aliyefungwa na watu wabaya, akatoka, akasamehe, kengele ikagonga. Miaka 27 itapita kwa dakika tano. Watamjua mfungwa, hawataijua serikali iliyomfunga ilifanyaje kazi. Na serikali ile, kabla ya kushika bunduki, ilishika kalamu. Ubaguzi wa Makaburu, wale Wazungu wa asili ya Kiholanzi waliotawala Afrika Kusini, ulikuwa kazi ya ofisini: fomu, mhuri, faili, karani anayekwenda kunywa chai saa nne.

Wapeleke ofisini. Chama cha Makaburu kilishinda uchaguzi wa Mei 1948, na mwaka 1950 wakatunga sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake: Mzungu, Mwenyeji, au Chotara, na Wahindi wakaja kutengewa fungu lao. Sasa waulize wanafunzi wako: nani anaamua? Waache wabishane. Kisha waambie kuhusu penseli. Palipokuwa na shaka, mtu aliweza kuchomekwa penseli kwenye nywele, ikishika badala ya kuanguka, basi huyo si Mzungu. Na waambie kuhusu Sandra Laing, aliyezaliwa mwaka 1955 kwa baba na mama waliokuwa Wazungu kwenye karatasi zao zote. Mtoto akatoka na ngozi ya maji ya kunde na nywele za kujisokota. Mwaka 1966, akiwa na miaka 10, alifukuzwa shule ya bweni ya Wazungu mjini Piet Retief, askari wakamrudisha kwao, na serikali ikamwandika Chotara. Wazazi wakahangaika, sheria ikarekebishwa, akaandikwa Mzungu tena. Ngozi ni ile ile, nywele ni zile zile. Mtoto wa miaka 12 akisikia hayo hahitaji umweleze kwamba rangi ile ilikuwa inatungwa mezani.

Halafu kuna sheria ya 1952, hii niliipenda sana kufundishia. Jina lake lilisema ni sheria ya kufuta pasi. Ilichofanya ni kumlazimisha kila Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kitabu chenye picha, alama za vidole, mwajiri wake na ruhusa ya kuwepo mahali alipo. Wenyewe walikiita dompas, pasi ya kijinga. Jirani zetu wa Kenya walionja kitu cha ukoo huo wakati wa mkoloni, wakakivaa shingoni, wakakiita kipande. Wape wanafunzi jina la sheria peke yake, wakisie inafanya nini. Kisha wape yaliyomo. Nyamaza. Ukimya wa darasa siku hiyo utafundisha kuliko wewe.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Umeandika kwamba mwalimu mwenzako amekushauri mfanye igizo: nusu ya darasa wawe Wazungu, nusu Waafrika, mmoja awe askari wa kukagua pasi. Nakuomba usifanye. Mimi nilifanya.

Ilikuwa mwaka 1986, nafundisha Siasa darasa la sita, kijana, ninajiona mbunifu. Nilikata vikaratasi, watoto wakaokota kama bahati nasibu. Wenye karatasi nyekundu wakae, wasio nayo wasimame ukutani na waombe ruhusa hata ya kwenda chooni. Kiranja nikampa uaskari na fimbo ya kushika tu. Dakika kumi za kwanza ni vicheko. Dakika ya ishirini kiranja amekuwa askari kweli. Alimchapa msichana mmoja mkononi kwa sababu alichelewa kujibu. Yule mtoto hakulia, alinitazama mimi. Nami nilikuwa naandika ubaoni, najiambia kwamba somo limeingia.

Hakuja shule siku tatu. Mama yake alimleta siku ya nne, na mtoto akaniuliza mbele yake, "Mwalimu, mbona hukusema inatosha?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Nilipowauliza wengine wamejifunza nini, wengi walitaka kujua lini tutarudia na nani atakuwa askari. Hicho ndicho walichojifunza: uaskari mtamu. Na wewe darasani kwako una watoto weusi, weupe, wa Kisomali, wale wa Kikongo uliosema wanakusalimia "jambo mwalimu" kwenye korido. Wengine wameshasimama ukutani katika maisha yao ya kweli. Usiwasimamishe tena kwa ajili ya maksi.

Basi, turudi kwenye ramani, maana hizo wiki tatu ni za nchi za Afrika, na najua utaambiwa wakariri 54 na miji mikuu. Wakariri, haidhuru, sisi tulikariri na hatukufa. Lakini nchi ni nini? Hapo Makaburu wamekupa somo bila kukusudia. Walichukua vipande vya ardhi, wakavipa bendera, wimbo wa taifa na rais, wakasema hizi ni nchi za Waafrika, basi Mwafrika wa Johannesburg sasa ni mgeni. Transkei mwaka 1976, Bophuthatswana 1977, Venda 1979, Ciskei 1981. Hakuna nchi nyingine duniani iliyozitambua. Bophuthatswana ilikuwa vipande vipande, kama shati lililotafunwa na panya. Weka ramani yake karibu na ya Lesotho, ambayo imezungukwa na Afrika Kusini pande zote na bado ni nchi kamili tangu 1966, yenye kiti Umoja wa Mataifa. Waulize: kwa nini hii ni nchi na ile si nchi? Zote zilikuwa na bendera. Zote zina milima. Mtoto akikaa na swali hilo siku mbili, hatauliza tena kama tunaongea Kiafrika.

Siku ya shule iweke ya tatu. Mwaka 1953 Makaburu walitunga sheria ya elimu ya Kibantu, na waziri wao Verwoerd akauliza hadharani ina faida gani kumfundisha mtoto wa Kibantu hisabati ambayo hataitumia. Mwaka mmoja baadaye, 1954, Mahakama ya Juu ya hukohuko uliko ikaamua kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Ziweke hizo tarehe mbili ubaoni bega kwa bega. Usiwaambie Marekani ilikuwa njema na Afrika Kusini mbaya, maana babu na bibi za baadhi yao watawasimulia vingine. Na mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipopitisha vikwazo dhidi ya Makaburu, Rais Reagan alivikataa, Bunge likapiga kura kumpita. Mandela mwenyewe hakutolewa kwenye orodha yao ya magaidi hadi 2008. Hayo ni yao, wayajue.

Kisha Soweto, kitongoji cha Waafrika karibu na Johannesburg, 16 Juni 1976. Huku kila mwaka tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wanaandamana na mabango, mgeni rasmi anahutubia juani, soda zinagawiwa. Muulize mmoja kwa nini tarehe 16 uone. Watoto wa Soweto waliamriwa wasome masomo kama hisabati kwa Kiafrikaans, lugha ambayo hata walimu wao wengi hawakuimudu. Wakatoka na sare zao za shule. Polisi wakapiga risasi. Hector Pieterson, aliyeuawa siku hiyo, alikuwa na miaka 12, umri wa watoto wako. Picha aliyoipiga Sam Nzima utaiona: kijana amembeba, dada yake anakimbia pembeni mkono juu. Kama utawaonyesha, waambie kabla ni picha ya nini, na mwenye kutaka kuinamisha kichwa aachwe. Mimi ningezungumza zaidi juu ya lugha. Mtoto wa Kisomali anayeteseka na Kiingereza cha kitabu cha hisabati anaweza kuielewa Soweto kuliko mimi na wewe.

Sasa usiwaache pale kwenye damu. Wengi wakiisha kufundisha Afrika wanawaacha watoto na maiti na huruma, wakafunga daftari. Walete Mazimbu, hapa hapa Morogoro.

Unapajua, umepita pale mara ngapi ukienda chuo. Lakini ulikua ukipaona kama kampasi ya Sokoine tu. Lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa, serikali yetu ikawapa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, mwaka 1977, na vijana waliokimbia baada ya Soweto wakajengewa shule. Wakaipa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Palikuwa na chekechea hadi sekondari, hospitali, shamba, na kiwanda cha samani kilichopewa jina la Vuyisile Mini, mwimbaji na mtu wa vyama vya wafanyakazi, naye alinyongwa, mwaka 1964. Marehemu baba yako alifanya kibarua cha useremala humo. Ile stuli uliyokuwa ukipanda kufikia sukari ni ya mbao za masalio ya huko.

Tuliwaona sokoni. Walijifunza Kiswahili kwa kubishana bei ya nyanya. Wakizika mwenzao, uimbaji wao ulitufanya tusimame njiani na ndoo kichwani. Hawakuwa malaika; walikuwa vijana mbali na mama zao, walikunywa, waligombana, walipenda, na wengine walipoondoka waliacha watoto hapa. Mwaka 1992 walikabidhi kila kitu wakarudi kwao, miaka miwili kabla ya kupiga kura ya kwanza tarehe 27 Aprili 1994. Jambo la kuwaambia wanafunzi wako ni hili: watu walionyimwa shule kwao, waliijenga kwenye mkonge wa watu wengine, na hao watu wengine walikuwa wakipanga foleni ya sukari na sabuni.

Neno moja la tahadhari. Mimi nalisema "Makaburu" kwa sababu ndilo nililolelewa nalo redioni, lakini kwako lisiwe jina la kila Mzungu. Bram Fischer alikuwa Kaburu wa ukoo mkubwa, akamtetea Mandela kesi ya Rivonia, ile iliyompa kifungo cha maisha, akaishia na kifungo cha maisha. Ruth First, mwandishi aliyepinga ubaguzi, aliuawa kwa bomu la kwenye barua, Maputo, mwaka 1982. Wazungu hao. Nilichelewa kulifundisha hilo, nililifikia miaka ya tisini hivi.

Na wimbo! Nilitaka kusahau. Wachezeshee mwanzo wa wimbo wa taifa wa Afrika Kusini, kisha wewe uimbe Mungu Ibariki Afrika. Watashtuka ni sauti moja. Enoch Sontonga aliutunga mwaka 1897, na ulikuwa ukiimbwa na wapigania uhuru wa ANC miaka yote ile, wakati sisi tunauimba mstarini asubuhi na kope zimegandana. Imba bila aibu. Sauti yako si mbaya kama ulivyoambiwa na kaka yako.

Mandela atakuja siku ya nne, mwenyewe, bila kuitwa. Atakapofika watakuwa wanamjua anatoka wapi. Unaweza kumwanzia Mbeya: mwaka 1962 alitoroka kwao bila pasipoti, akatua Tanganyika yenye mwezi mmoja tu wa uhuru, akaona hotelini Waafrika na Wazungu wamekaa pamoja wanaongea, wala hakuna anayeshangaa. Yeye ndiye aliyeshangaa.

Kesho asubuhi nikipata bodaboda mpole nitakwenda makaburini Mazimbu na mdogo wako. Ameahidi kupiga picha mawe yale yenye majina na umri. Niambie unahitaji ngapi, na kama mtandao wa shule yenu unapokea picha kubwa au tuzipunguze. Na yale maswali ya watoto, uliyosema wameandika kwenye vikaratasi ukayaweka kwenye boksi, usiyatupe. Nitumie yote, hata la Kiafrika.

Mama yako