Kumbukumbu za afya: kufuta majina hakutoshi

Mhariri,

Naunga mkono kuunganishwa kwa kumbukumbu za afya za taifa zima ili watafiti wazitumie. Ila ile kauli ya kututuliza, kwamba "majina yatafutwa", hainiridhishi.

Faida haina ubishi. Nchini Denmark kila mkazi ana namba yake tangu 1968, nayo hutumika kliniki, hospitalini hadi kwenye rejesta ya vifo. Kwa namba hiyo, watafiti walioanisha taarifa za chanjo na za utambuzi wa magonjwa za watoto 537,303 waliozaliwa kati ya 1991 na 1998. Matokeo yalitoka mwaka 2002: waliopata chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela hawakuwa na usonji zaidi ya wenzao. Hakuna mzazi aliyegongewa mlango ajaze dodoso.

Sasa tazama Massachusetts, Marekani. Katika miaka ya 1990, rekodi za hospitali za watumishi wa serikali zilitolewa kwa ajili ya utafiti, majina yakiwa yameondolewa lakini tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vikiwa vimebaki. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Humo, waliozaliwa tarehe moja na gavana wa jimbo hilo, William Weld, walikuwa sita, wanaume watatu, na mwenye msimbo wake wa posta alikuwa yeye peke yake. Matibabu yake yakawa wazi. Na kadiri rekodi zinavyounganishwa, ndivyo mtu anavyozidi kutambulika hata bila jina.

Kwa hiyo data zisigawiwe kwa nakala. Mtafiti aingie kwenye mfumo unaolindwa, afanye hesabu zake humo, atoke na majumla tu. Anayeoanisha namba asione ugonjwa, na anayechambua ugonjwa asione namba. Bima na waajiri wapigwe marufuku kuzitumia data hizi, kwa sheria, si kwa ahadi ya waziri (mawaziri hubadilishwa).

Tena wananchi waambiwe mapema. Uingereza ilisambaza vipeperushi majumbani kuhusu care.data, mpango wake wa kukusanya rekodi za wagonjwa, wengi walisema hawakuviona, zaidi ya watu milioni moja wakajitoa, na mwaka 2016 mpango ukafungwa. Kila ombi la kutumia data hizi litangazwe hadharani: nani kaomba, anatafuta nini, kajibiwaje. Mgonjwa asiyeridhika na majibu hayo aweze kujitoa bila kunyimwa matibabu.

Msomaji wako