Salamu za Krismasi, kutoka kwenye migomba ya Chicago

Wazee wangu shikamooni. Ndugu, watani na marafiki, mlioko Tanga, Mombasa, Bukavu na nyinyi mliotawanyika ughaibuni kama sisi, Krismasi njema na heri ya mwaka mpya. Huku tu wazima. Baridi ndiyo hiyo mnayoisikia kwenye simu meno yangu yakigongana, na ikifika saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia.

Jumapili iliyopita tulipanda treni ya njia ya kijani, mimi, mama watoto na wale wawili, tukashuka Garfield Park. Pale pana nyumba kubwa ya vioo iliyofunguliwa mwaka 1908. Ukiingia tu miwani inajaa mvuke, unavua koti, unavua na sweta, na pua inakutana na harufu ya udongo uliolowa. Mna migomba mle. Mna miwa. Mama watoto alishika jani la mgomba akakaa nalo muda mrefu bila kusema neno, nami nikajifanya nasoma vibao. Mdogo akauliza ni nani aliyeleta shamba la bibi huku.

Aliyeisanifu nyumba ile alikuwa mhamiaji kama sisi: Jens Jensen, Mdenmark. Ndiye ninayetaka tumkumbuke msimu huu, ingawa hakuwa mjomba wa mtu yeyote kati yetu.

Alizaliwa mwaka 1860 kwa wakulima wa Dybbøl, katika Slesvig, jimbo la mpakani mwa Denmark na Ujerumani. Hajatimiza miaka minne, vita vya 1864 vikafika mlangoni kwao. Wajerumani wa Prussia wakashinda, na Wadenmark wa pale wakajikuta chini ya mfalme ambaye si wao. Kijana alipokua ikambidi avae sare ya jeshi la Ujerumani. Juu ya hayo, nyumbani hawakumtaka mchumba wake, Anne Marie. Basi mwaka 1884 akamchukua wakavuka bahari. (Najua wapo wanaosoma hapa wakicheka kimoyomoyo. Nanyi mlitoroka hivyo hivyo.)

Chicago ilimpokea kwa kibarua katika bustani za jiji, yeye mtoto wa wenye shamba. Akapanda cheo polepole hadi akakabidhiwa kipande cha kupamba. Akapanda maua ya fahari kutoka nchi za mbali, yakanyauka. Ndipo alipochukua gari la farasi, akaenda nje ya mji kwenye nyika, akang'oa mimea ya porini ambayo watu waliiita magugu, akaja kuipanda katikati ya jiji. Ikashika. Huo ulikuwa mwaka 1888. Siku za mapumziko alikuwa akipanda treni na mkewe na watoto kwenda kuitazama mimea hiyo kwao.

Hapo ndipo aliponikamata. Mimi miaka yangu yote huku nimekuwa nikilea mchicha wa mbegu za nyumbani kwenye ndoo dirishani, kila Novemba nauzika, na jina la mti ulio mbele ya mlango wangu silijui. Mwenzangu alilijua kila jani la ugenini mpaka wenyeji wakawa wanajifunza kwake. Hata ile nyumba ya vioo aliipa umbo la matita ya nyasi kavu, yale waliyokuwa wakiyaona wakulima wa huku mashambani.

Msidhani alitelezea asali. Mwaka 1900 alifukuzwa kazi kwa kuwa hakukubali kula na wala rushwa. Akarudi 1905, safari hii akiwa mkubwa wa bustani zote za upande wa magharibi. Humo alipenda kujenga duara la mawe, benchi fupi linalozunguka moto, ambamo hakuna kiti cha mbele wala cha nyuma. Mtu aliyekulia kwenye "hadithi, hadithi" na kuitikia "hadithi njoo" hahitaji kuelezwa duara lile ni la nini.

Mwaka 1920 Dybbøl ikarudi Denmark kwa kura ya wananchi. Yeye akabaki huku. Anne Marie alifariki mwaka 1934, baada ya nusu karne pamoja, na mzee, badala ya kukaa kusubiri zamu yake, akahamia Ellison Bay kule Wisconsin, akaanzisha shule msituni akiwa na miaka sabini na mitano. Mwaka uliofuata watoto wa shule walikuwa wakipanda mbegu za mialoni kwenye bustani aliyoichora huko Springfield, Illinois. Mialoni, jamani! Mti wa kusubiriwa na wajukuu. Alifariki mwaka 1951, na miaka tisini na moja.

Sasa habari za chungu cha jikoni, maana najua mnazisubiri. Pilau ipo, tarehe 25 kama kawaida, mlango uko wazi. Ila mkesha wake tunaazima mambo ya Wadenmark. Usiku wa tarehe 24 wao hushikana mikono wakauzunguka mti wakiimba, ila kabla ya hapo mezani huletwa wali wa maziwa uliochanganywa na krimu, na ndani yake imefichwa lozi moja nzima. Anayeipata hasemi. Anaibana shavuni, anawaacha wenzake wahangaike na bakuli mpaka liishe, ndipo anaitoa na kudai zawadi yake.

Mama watoto ameshanunua lozi. Kwa hiyo mkinipigia simu usiku huo mkasikia naitikia kwa mguno tu, msiseme baridi imeniharibu. Na tafadhali msimwambie mdogo.