Kwa Nini Kifungo Chako Kimerudi Kikiwa Bado cha Kijani

Mteja mmoja wa karakana yetu ya kuhifadhi vitu vya kale ametulalamikia kwamba tumemlia fedha zake, kwa kuwa alituletea kifungo cha kale cha bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) kilichochimbuliwa shambani Yorkshire, Uingereza, kikiwa cha kijani, na baada ya majuma sita akakabidhiwa kikiwa cha kijani vilevile. Si wa kwanza kusema hivyo, na bei yetu hatuipunguzi.

Vifungo hivi, vyenye kichwa bapa mbele na kitanzi cha kupitishia mkanda nyuma, vilitumika hasa kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 1 na ya 2 BK. Vingi huhusishwa na mikanda ya farasi, ingawa baadhi huenda vilifunga mavazi. Baada ya kifungo kulala ardhini muda wote huo, uso wake wa awali, pamoja na alama za patasi ya fundi na mikwaruzo ya mkanda, hauko tena kwenye metali bali umehifadhiwa ndani ya tabaka la kutu ya kijani lililokifunika. Anayeling'oa hukiondoa kifungo chenyewe akabaki na kipande cha shaba.

Tunachoondoa sisi, kwa kisu cha upasuaji chini ya hadubini, ni udongo na ule unga wa kijani hafifu. Unga huo ni dalili ya kloridi, aina ya chumvi, ambayo ikipata unyevu na hewa hutoa asidi inayoendelea kula metali. Kisha tunakilowesha katika benzotriazoli iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, dawa ya kuzuia kutu isiyofaa kushikwa kwa mikono mitupu, tunakikausha, tunakipaka vanishi, halafu tunakiangalia kwa majuma kadhaa kama unga utarudi. Majuma hayo ndiyo mteja huyaona kuwa uzembe.

Mwingine alikilaza chake katika siki usiku kucha, akakisugua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa kama bomba jipya la maji. Nakshi ya kioo chekundu ilitoka yote, unga ukazuka kabla ya miezi minne kwisha, na kukiokoa kulimgharimu mara tatu ya bei aliyoikwepa.

Katika kitanzi cha kingine, ambacho mwenyewe alikileta na udongo wake wote, tulikuta kipande cha ngozi ya mkanda kisichozidi punje ya mchele, kilichonusurika kwa sababu chumvi za shaba huzuia vijidudu vinavyoozesha. Maji ya bomba yangekisomba. Kwa hiyo usikioshe. Kilete kama kilivyotoka shambani.