Barua kwa mwanangu anayechapa sura za rafiki zake

Mwanangu Neema,

Natumai hujambo na masomo yanakwenda vizuri. Huku nyumbani sote tu wazima, bibi yako anakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unataka mabamba yako ya kuchapia picha ya mwaka huu yawe sura za rafiki zako, na wenzako wanakushauri uchonge viongozi na waimbaji kwa sababu ndio wanaouzika. Mimi niko upande wako, na shahidi wangu ni Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya kumi na saba.

Wengi wanamjua kwa picha za rangi. Lakini alichora pia mabamba ya shaba yapatayo 300, na ninayoyarudia mimi ni yale ya watu aliofahamiana nao pale Amsterdam: tabibu Ephraim Bueno, mfua dhahabu Jan Lutma, muuza dawa Abraham Francen. Taabu yake unaijua. Unapaka bamba nta, unakwaruza kwa sindano, tindikali inakula palipokwaruzwa, unajaza wino, unafuta, ndipo unakandamiza karatasi, na mchoro wenyewe unatoka umegeuka. Nani atayavumilia yote hayo kwa ajili ya uso asioujali?

Tafuta ile ya Jan Six, ya mwaka 1647. Six alikuwa kijana tajiri, mpenzi wa ushairi. Rembrandt hakumkalisha kiheshimiwa. Alimsimamisha ameegemea dirisha, mwanga ukimjia kwa nyuma, anasoma zake. Chumba kimezama katika giza laini kama mahameli, na giza lote lile ni mistari myembamba iliyosongamana. Mtu hasomi kwa utulivu namna ile mbele ya mgeni. Mpaka leo bamba lile linatunzwa na ukoo wa Six.

Nikwambie na upande wa pili. Mwaka 1653 Six alimkopesha Rembrandt gilda 1,000, fedha ya Uholanzi ya wakati ule, bila riba, kisha baadaye akaliuza deni lile kwa mtu mwingine. Mwaka 1656 Rembrandt akafilisika; vitu vyake vikapigwa mnada, na nyumba nayo ikauzwa. Francen hakumkimbia. Hakuwa tajiri, ila inasimuliwa kwamba alikuwa radhi kujinyima chakula ili anunue michoro. Katika miaka hiyohiyo ya dhiki, yapata 1657, Rembrandt alimchora ameketi karibu na dirisha, ameinua karatasi anaitazama, na bamba lile akalirekebisha tena na tena. Hebu fikiri: mtu nyumba inamponyoka, anadaiwa, na bado anaona sura ya muuza dawa inastahili kazi yote hiyo. Francen ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa walezi wa Cornelia, binti wa Rembrandt, baba yake alipofariki.

Kwa hiyo wachonge, mwanangu. Yule mwenye kovu kwenye nyusi, kovu lake liache. Usiwaambie watabasamu. Wape la kufanya: asukwe nywele, achambue mchele, asome ujumbe kwenye simu, nawe uchore ukiwa pembeni.

Hela ya wino na karatasi nitakutumia mwisho wa mwezi. Nakala ya kwanza ya kila sura mpe mwenyewe kabla hujauza hata moja. Ya pili nitumie mimi, na nyuma uandike jina lake ili bibi yako ajue anamtazama nani.

Ni mimi,
Baba yako