Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: Tunaomba chumba chenye ubao

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya kata hapa Dodoma, na nakuandikia kwa niaba ya wenzangu kumi. Naandika hadharani kwa sababu barua za bahasha tumeshaandika, na mbele kidogo nitaeleza ziliishia wapi. Ombi letu nalitaja mapema ili usipate taabu ya kulitafuta: tunaomba chumba kimoja chenye ubao, Jumamosi mchana.

Kila Jumamosi saa 9 alasiri, wateja wa chakula wakishapungua, tunakusanyika kwenye banda la mama lishe mmoja maeneo ya Makole. Tuko kumi na mmoja. Watatu ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Wanne wana shahada za ualimu wa sayansi na wanasubiri ajira. Mmoja ni fundi simu, mmoja anaendesha bodaboda na huja na helmeti yake mkononi, mmoja ni binti aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana, na wa mwisho ni mimi. Hatuna jina wala katiba. Majirani wa pale wanatuita watu wa nyuzi, maana ndilo neno wanalolisikia tukibishana. Tunasoma nadharia ya nyuzi.

Mheshimiwa, unaongoza mkoa wa zeze, kwa hiyo sina haja ya kwenda mbali kuieleza. Mzee wa Kigogo akikaa na zeze lake, akapitisha upinde, uzi unaimba. Akiugusa kidogo tu katikati bila kuubana, sauti inapanda oktava nzima. Akiugusa kwenye theluthi inatoka sauti nyingine tena. Uzi ni ule ule, kilichobadilika ni namna unavyotikisika. Marehemu Hukwe Zawose alizifikisha sauti hizi kwenye majukwaa ya Ulaya, na waliochunguza muziki wa Wagogo wamekuta ngazi yake ya sauti imejengwa juu ya mitikisiko hiyo hiyo ya asili. Sasa nadharia yetu inasema kwamba elektroni, fotoni (chembe ya mwanga) na chembe nyingine zote tunazozijua si vijipunje. Kila moja ni uzi mdogo kupita kiasi unaotikisika. Ukitikisika hivi ni elektroni, ukitikisika vile ni fotoni.

Haikuanza na watu waliotaka kueleza ulimwengu mzima. Mwaka 1968 kijana Mwitaliano, Gabriele Veneziano, aliona kwamba fomula ya mwanahisabati Euler ya karne ya 18 inaeleza vizuri jinsi chembe za ndani ya kiini cha atomu zinavyogongana. Miaka miwili baadaye wanafizikia Nambu, Nielsen na Susskind, kila mmoja kwa njia yake, wakatambua kwamba fomula ile ni ya nyuzi zinazotikisika. Tatizo likawa kila ukipiga hesabu inatokea chembe isiyo na uzito ambayo hakuna aliyeihitaji. Mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz wakaacha kuifukuza, wakaitazama vizuri: ilikuwa gravitoni, chembe ya mvutano. Nakumbuka siku tulipofika hapo. Tangu sekondari tunafundisha mvutano upande mmoja na mekanika ya kwanta, fizikia ya vitu vidogo kama atomu, upande mwingine, kama ndugu wasiosalimiana, na mbele yetu palikuwa na hesabu ambayo mvutano unajitokeza wenyewe bila kualikwa.

Nikusimulie Jumamosi moja ya mwezi wa nane, upepo na vumbi la Dodoma vikiwa katika hali unayoijua. Ubao wetu ni kipande cha plaiwudi tulichokipaka rangi nyeusi, tunakiegemeza kwenye mwarobaini, na mtu mmoja hukishikilia kwa mguu. Siku hiyo tulikuwa tunatafuta ulimwengu uwe na dimensheni, yaani pande, ngapi ili hesabu ya uzi isijipinge yenyewe. Uzi una mitikisiko isiyo na mwisho, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hata ukitulia kabisa kila mtikisiko unabaki na nishati kidogo. Ukizijumlisha unapata 1 + 2 + 3 + 4, na kuendelea milele. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili atakwambia jumla hiyo haina kikomo, na yuko sahihi. Lakini iko njia yenye misingi, inayotokana na kazi za Euler na Riemann, ya kuitenga sehemu isiyo na kikomo na kubaki na ile yenye maana. Kinachobaki ni −1/12.

Dereva wetu wa bodaboda ndiye aliyekuwa na chaki. Kila upande ambao uzi unaweza kutikisikia unachangia nusu ya hiyo 1/12, yaani 1/24, na kwa nadharia ya Einstein ya uhusianifu jumla ya michango hiyo lazima itimie moja kamili. Kwa hiyo pande ni 24. Ongeza urefu wa uzi wenyewe, ongeza na wakati. Akaandika 26, akageuka kututazama, na kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha upepo ukaubeba ubao, ukaangukia meza ya vyombo, na nusu ya hesabu ikafutikia kwenye kanga ya mama lishe alipokuwa akiunyanyua.

Hesabu ile ilishafanywa, Claud Lovelace aliifikia mwaka 1971, nasi hatudai kugundua chochote. Lakini kijana aliyetoka kijiweni akiwa na vumbi la Majengo miguuni aliifikia kwa mkono wake, hatua kwa hatua, mbele ya mashahidi kumi. Ningependa siku moja aifikie mahali ambapo haifutiki.

Unaweza kuuliza kwa nini ubao, wakati vijana wa leo wana simu. Simu tunazo, na makala tunazipata. Mwaka 1991 Paul Ginsparg alianzisha huko Los Alamos hifadhi ya makala inayoitwa arXiv, na fizikia ya aina hii ndiyo iliyotangulia kuingia humo. Siku hizi makala mpya inasomeka Dodoma siku ile ile inayosomeka Princeton, Marekani, bila malipo. Ile ya Juan Maldacena ya mwaka 1997, iliyobadilisha mwelekeo wa fani nzima, tuliipakua kwa bando la shilingi elfu moja na tukarushiana wote. Lakini kazi hii haifanyiki kwa kusoma peke yako. Inafanyika watu wawili wakisimama mbele ya maandishi makubwa, mmoja akikosea na mwenzake akimkatiza. Kwenye kioo cha simu huwezi kumkatiza mtu.

Yuko mtu aliyeumia kwa kukosa hilo. Abdus Salam wa Pakistan alirudi nyumbani Lahore mwaka 1951 akitoka kusoma Cambridge, akiwa tayari mwanafizikia wa hali ya juu. Chuoni alikopewa kazi aliambiwa asahau utafiti, achague moja kati ya kazi tatu za ziada: kushika hesabu za fedha, kusimamia bweni, au kuongoza timu ya mpira. Akachagua mpira. Hakuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye fizikia, na mwaka 1954 akaondoka kurudi Uingereza. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi kama zetu wapate mahali pa kukutana na wenzao bila kuzihama nchi zao. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel. Mshirika wa kituo hicho sasa yuko Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, tangu 2018. Kutoka hapa ni basi la Singida, Nzega, Kahama hadi Rusumo, na wawili wetu wanajiandaa kuomba nafasi ya shahada ya uzamili huko. Nawatakia heri kwa moyo wote. Natamani pia wakirudi wakute wenzao bado wanakutana.

Sasa nije kwenye zile barua. Taasisi tuliyoiandikia sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu. Ina vyumba vingi ambavyo Jumamosi mchana hufungwa. Barua yetu ilipokelewa, ikagongwa muhuri, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Tulirudi mara nne. Mara ya tatu tuliulizwa usajili wa kikundi, katiba, mwenyekiti na akaunti ya benki. Mara ya nne mlinzi alituzuia getini, akasema watu kumi na mmoja wasio na kibali ni mkutano. Ofisa mmoja, ambaye kwa kweli alitusikiliza kuliko wengine, alituuliza: hizi nyuzi zitauletea mkoa nini?

Swali lake ni la haki na nimelibeba tangu siku ile. Mheshimiwa, hazitaleta kiwanda. Hazitaongeza zao la zabibu. Sitakuficha pia kwamba nadharia yenyewe haijathibitishwa. Mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe wa CERN, huko Ulaya, uliiona chembe ya Higgs mwaka 2012, lakini chembe pacha, yaani wenza wazito wa chembe tunazozijua, ambazo wengi wa wana-nyuzi walizitarajia hazijaonekana hadi leo. Na nishati ya kuuona uzi wenyewe huenda ikazidi ya mtambo huo mara trilioni elfu moja. Wako wanafizikia wakubwa wanaosema njia hii imepotea. Tunawasoma nao, na Jumamosi mbili nzima tuliwapa wao.

Ninachoweza kukuahidi ni kile nilichokiona. Wale wanne wanaosubiri ajira walikuwa wanaisahau hesabu yao mwezi baada ya mwezi, kama shoka lililoachwa mvuani. Leo wanatatua vitu ambavyo hatukufika hata chuoni, na siku wakiitwa kazini watasimama mbele ya watoto wakiwa na makali. Unajua jinsi walimu wa fizikia na hisabati walivyo adimu katika shule zetu. Mimi mwenyewe nafundisha mawimbi kwa namna nyingine tangu nianze kukaa kwenye benchi lile. Naleta zeze darasani, na mwaka huu kwa mara ya kwanza wanafunzi wamebaki baada ya kengele kuuliza maswali.

Halafu kuna lugha. Tunabishana kwa Kiswahili, na mara nyingi tunabishania Kiswahili chenyewe. Ule mvuto unaoufanya uzi ukaze tuliuita mkazo, likapita bila ubishi. Zile sura bapa ambazo ncha za nyuzi hushikamana nazo zilitugharimu jioni nzima, hadi mama lishe, aliyekuwa akichemsha maziwa, akasema: si kama utando tu huu? Tangu siku hiyo ni utando.

Nataka pia nikukumbushe jambo lililofika hadi jirani yetu Iringa. Erasto Mpemba, mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu wake na wenzake wakamcheka. Alipokuwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, profesa aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu jambo lile, na bado wanalitaja kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe hakuwa mwanafizikia, alikwenda kufanya kazi ya wanyamapori. Kila nikiisimulia habari hii namfikiria Osborne, mgeni aliyeulizwa swali la ajabu mbele ya ukumbi unaocheka, akaona kazi ya kulijaribu ni yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba darasa moja la shule ya umma katikati ya jiji, Jumamosi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 12 jioni. Chaki tutanunua. Tutafagia kabla ya kutoka na kumrudishia mwalimu mkuu ufunguo wake jioni ile ile. Mlango utakuwa wazi kwa mwanafunzi au mtu yeyote anayetaka kuketi. Tunaomba pia barua fupi ya ofisi yako, ili mtendaji wa mtaa na mlinzi wa geti wajue sisi ni nani. Hatuombi fedha, wala ile mikopo ambayo halmashauri huvipa vikundi kutoka asilimia 10 ya mapato yake. Iwapo sheria inataka tusajiliwe ndipo tukae tupige hesabu, basi tuelekezwe mlango wa kugonga, tutaugonga.

Nina sababu ya kuharakisha. Mwenye kiwanja pale Makole anajenga fremu za maduka na banda litaondoka mwezi ujao. Mama lishe amepata sehemu nyingine, ndogo, isiyo na mti. Ametuambia twende naye hivyo hivyo, tutabanana, na najua anamaanisha. Lakini ametubeba muda mrefu, na pale patamtosha kwa wateja wake tu.

Jumamosi hii tunarudia hesabu ile, safari hii tukiingiza chembe za jamii ya elektroni, ambazo zinaishusha 26 hadi 10. Binti wa kidato cha sita ndiye atakayeshika chaki, na amekuwa akijiandaa wiki tatu. Tutakuwepo kuanzia saa 9. Ukipata nafasi ya kupita, au ukimtuma mtu wa ofisi yako, benchi la mbele litakuwa wazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia, kwa niaba ya wenzake kumi
Dodoma