Kabla hujanitumia lile jedwali

Kirumba, Mwanza

Zaituni rafiki yangu,

Mama msalimie sana, mwambie shikamoo yake naituma kwako. Sisi huku wazima, dagaa wameanikwa Mwaloni na harufu inanifikia hapa mezani.

Lile wazo lako la kuunganisha takwimu zenu za Dar na zetu, ili tuijue hatari ya homa ya ini C kwa wanaojidunga dawa za kulevya, nimelikubali kwa moyo wote. Tuliowahoji huku ni wachache. Nikiwatenga wanawake tu, nabaki na watu wa kuhesabu kwa vidole, na hao hawanipi jibu la kuaminika. Unaukumbuka uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, wale wanaojumlisha matokeo ya tafiti za afya? Walikusanya tafiti 28, zikiwemo 7 ambazo hazijachapishwa, ndipo ikaonekana kwamba tiba ya methadoni na dawa za aina yake, zinazotibu uraibu wa heroini, inapunguza hatari ya kuambukizwa kwa nusu, na mtu akipata pamoja nayo sindano safi za kutosha, hatari inashuka kwa asilimia 74. Lakini tafiti zenyewe ni za Ulaya, Australia, Amerika Kaskazini na China. Vijiwe vya Igogo hapa Mwanza havimo, na hilo linaniuma.

Ila sikia yaliyonikuta wiki iliyopita. Nilikuwa namhoji kaka mmoja, mikono imemvimba, mpole sana. Dodoso letu linauliza: "Katika siku 30 zilizopita, umechangia sindano?" Akasema hapana, nikaweka alama. Tulipomaliza akanisimulia usiku alosto, yale maumivu ya kukosa heroini, ilipomkamata hana hata mia, mwenzake akajidunga kisha akampa bomba lilelile. Nikamuuliza, kaka, si umesema hujachangia? Akanishangaa. "Dada, kuchangia ni kutoa hela mkanunua kete pamoja. Mimi niliazimwa."

Zaituni, sijui "hapana" za namna hiyo nimeandika ngapi! Na nyinyi, nakumbuka, mliuliza kuhusu "kutumia sindano iliyotumiwa na mwenzako", tena kwa miezi 6. Kwenye kompyuta safu zote mbili zitaitwa jina moja. Tukizijumlisha hivyohivyo, Mwanza itaonekana salama kuliko Dar, na wanaoshika bajeti watapeleka sindano safi kwingine, wakati maabara zimeshaonyesha kuwa kirusi hiki kinaweza kukaa hai ndani ya bomba hata siku 63. Maji na pamba wanavyotumia pamoja hata hatukuviuliza. Tena wapo wanaozunguka kati ya Dar na huku, tutawahesabu mara mbili tusipokuwa makini.

Kwa hiyo jedwali lisubiri. Nitumie kwanza dodoso lenyewe la Kiswahili, pamoja na maelekezo mliyowapa wahojaji, tulipitie swali kwa swali. Mimi nimeomba ruhusa nirudi Igogo niwaulize tena wale watakaopatikana, safari hii kwa neno "kuazima".

Yule kaka amekubali kwenda kliniki ya methadoni pale hospitali ya Sekou Toure, mradi nimsindikize. Tunakwenda Jumanne.

Wako,
Neema