Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tumpimeje Mtafiti wa Ubongo?

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma Mhazini, na habari za matawi mmeshazipata kwa Katibu. Mimi nitajikita kwenye jambo lililoishughulisha Kamati mwaka mzima, na ambalo bado linatugawa: kuondoa sharti la kipimo cha h, yaani tarakimu inayotokana na idadi ya machapisho ya mtafiti na jinsi yanavyonukuliwa, kwenye fomu ya tuzo yetu ya utafiti.

Kwa mliojiunga karibuni, kipimo hicho kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwenye h ya 20 ana machapisho 20 ambayo kila moja limenukuliwa na machapisho mengine si chini ya mara 20. Ni rahisi kukikokotoa, na makala moja iliyovuma haitoshi kukipandisha. Wenzetu waliotaka kibaki walisema kwamba bila tarakimu tutaishia kupeana tuzo kwa kujuana. Hofu hiyo ni ya kweli, wala sitaki ipuuzwe.

Tatizo ni kwamba tarakimu hiyo inabeba mambo mengi kwa mpigo. Karl Friston, mtafiti wa ubongo wa London, ana h iliyovuka 200. Sehemu ya nukuu hizo inatokana na SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo aliyoianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuigawa bure. Wanaoitumia hunukuu makala zinazoeleza mbinu zake. Sifa anastahili. Ila huwezi kumweka kwenye mzani mmoja na anayefuatilia kifafa vijijini, ambako wasomaji wa kazi yake ni wachache tangu mwanzo.

Mfano uliowageuza wajumbe kadhaa ni wa hapa kwetu Tanzania, huko Mahenge. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko karibu mwaka 1960. Wagonjwa wengi walikuwa na makovu ya moto: mtu akiangukia jikoni, waliomzunguka waliogopa kumgusa wasije wakaambukizwa. Mwaka 1965 alichapisha makala kuhusu kifafa miongoni mwa Wapogoro, wenyeji wa huko, katika jarida la Acta Psychiatrica Scandinavica. Alikuwa amekutana na watoto waliosinzia kichwa: kidevu kinashuka kifuani, kinainuka, kinashuka tena, mtoto akiwa ameketi tu.

Kwa miaka mingi makala hiyo haikupata mwitikio mkubwa. Kisha watoto wa Sudan Kusini wakaanza kuonekana na dalili hizo miaka ya 1990, na baadaye wale wa kaskazini mwa Uganda. Watafiti waliotafuta chanzo wakajikuta wakirudi Mahenge. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake walieleza wagonjwa wa huko katika jarida la Epilepsia. Mwaka 2018 Bruno Mmbando na wenzake wakaonyesha kuwa kifafa bado kimeenea katika vijiji viwili vya eneo hilo vyenye minyoo inayoenezwa na usubi, ambayo inashukiwa kuchangia kifafa hicho, licha ya miaka 20 ya kugawa ivermectin, dawa ya minyoo hiyo. Je, fomu yetu ya zamani ingempa nini Jilek-Aall mwaka 1975? Sidhani kama angevuka hata hatua ya kwanza.

Kuna na jambo dogo lenye madhara makubwa. Makala ya 1965 ina jina Aall-Jilek; kazi zake za baadaye zinasomeka Jilek-Aall. Kwa kompyuta hao wanaweza kuwa watu wawili, na nukuu zikagawanyika. Sisi tunaotanguliza jina la baba leo na la babu kesho tunajipunja vivyo hivyo. Namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti mmoja hata jina lake likiandikwa tofauti, haina malipo, na kuipata ni kazi ya dakika chache. Nawaomba kila mmoja awe nayo, na kwenye makala aandike jina lake kwa namna ile ile siku zote.

Fomu mpya inamtaka mwombaji achague kazi zake tatu na aeleze, kwa maneno yake, kila moja imebadili nini: tiba, mbinu, au hoja iliyokuwa ikiaminiwa. Anayetaka kutaja idadi ya nukuu ataitaja, lakini hakuna kiwango cha kuvuka. Kuhusu kujuana, Kamati inapendekeza mjumbe aliyewahi kuchapisha na mwombaji atoke chumbani wakati jina hilo linajadiliwa, na sababu za uamuzi zitumwe kwa wanachama wote.

Pendekezo hili litapigiwa kura mara tu baada ya taarifa ya Mhazini. Nakala za fomu ziko mezani kwa Katibu.